Bikari Kwanza, Sifa Baadaye: Namna ya Kuukagua Mchoro wa Katamarani ya Mashindano

Anayeishi Mwanjelwa, jijini Mbeya, hawezi kushuka ufukweni jioni akaangalia katamarani zikikimbizana. Ziwa Nyasa lipo, tena si mbali. Ukiteremka Tukuyu, ukaipita Kyela, unafika Matema. Ila utakachokuta pale ni mitumbwi ya kuchonga ya wavuvi, mingine ikitoka Ikombe na vyungu vya Wakisi, na ukienda bandari ya Itungi utaona meli za mizigo. Iringa ndiyo kabisa: maji makubwa ya karibu ni bwawa la Mtera. Kwa hiyo mtu wa Nyanda za Juu Kusini akipenda daraja fulani la katamarani za mashindano, atakuwa amelipendea kwenye karatasi. Ndiyo maana nadai, bila aibu, kwamba watu wa huku tunaweza kuwa waamuzi wakali wa michoro ya boti kuliko watu wa Msasani, pwani ya Dar es Salaam. Mtu wa Msasani akiona mchoro wenye pengo, kumbukumbu yake inalijaza. Sisi hatuna cha kujazia.

Tena kuchora si jambo geni huku. Ifunda, mkoani Iringa, na Iyunga, jijini Mbeya, ni shule za ufundi ambako kijana hushika rula ya T na penseli ya 2H mapema, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, MUST, kilikuwa chuo cha ufundi kabla ya kuwa chuo kikuu. Kinachokosekana ni mazoea ya kukagua mchoro wa chombo cha majini, ambao una mitego isiyokuwamo kwenye mchoro wa nyumba au wa gia.

Tuelewane kwanza kuhusu chenyewe kinachochorwa. Katamarani ya mashindano ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa boriti. Katikati umetandwa wavu wa kukalia, na mlingoti umesimama juu ya boriti ya mbele. Daraja ni kundi la boti zilizofungwa na vipimo vilivyokubaliwa, ili anayetangulia awe ametangulia kwa ujuzi, si kwa sababu fundi wake alimwongezea futi moja. Ngalawa za pwani hushindana vizuri tu bila daraja, kwa kuwa kila moja hufuata gogo lake: mwembe ukiwa na kona, ngalawa nayo itakuwa na kona, na vipimo vyote vimo kichwani mwa fundi. Daraja haliwezi kuishi hivyo. Boti ya Ulaya na ya Australia lazima zifanane ingawa mafundi wake hawajawahi kuonana, na kinachowakutanisha ni mchoro. Basi mchoro wa kulitangaza daraja una kazi mbili kwa mpigo: umtie mtu hamu na umwambie kweli. Mimi naupima kwa swali moja: hiki kinachonivutia kwenye karatasi, boti yenyewe inacho?

Swali hilo hujibiwa kwa bikari, si kwa hisia. Chukua mchoro wa juu, ule unaoitazama boti kama ndege anavyoitazama. Fungua bikari yenye ncha mbili kwa upana wote wa boti, kutoka ubavu wa nje wa mtumbwi mmoja hadi ubavu wa nje wa mwingine, kisha itembeze mara mbili kwa urefu. Tornado, iliyobuniwa na Rodney March nchini Uingereza mwaka 1967 na kushindaniwa katika Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008, ina urefu wa mita 6.10 na upana wa mita 3.05: hatua mbili kamili, hakuna kinachobaki. Hobie 16 ya Mmarekani Hobie Alter ina mita 5.05 kwa 2.41; hatua mbili zinakaribia ncha ya omo na kubakiza sentimita 23 za boti halisi, ambazo kwa skeli ya 1:20 ni milimita 11 na nusu. Formula 18 ni mita 5.52 kwa 2.60, Nacra 17 ni 5.25 kwa 2.59. Ya mtu mmoja, A-Class, ndiyo nyembamba zaidi: 5.49 kwa 2.30, hivyo hatua mbili huacha pengo la karibu mita nzima. Atakayezijua jozi hizi tano za namba ataukagua mchoro wa juu wa katamarani kabla chai haijapoa.

Kwa nini nianzie kwenye upana? Kwa sababu ndipo wachoraji wa matangazo wanapodanganya mara nyingi kuliko kwingine. Kitu chembamba huonekana kina mbio, kwa hiyo mkono humponyoka mchoraji, akaisogeza mitumbwi miwili karibu karibu, boti ikatoka na sura ya mshale. Inapendeza, lakini si boti tena. Nguvu ya katamarani imo katika upana wake. Upepo ukilisukuma tanga, boti hutaka kulala upande wa demani, unakoelekea upepo. Kinachoizuia ni uzito wa mabaharia waliokaa joshini, upande unakotoka upepo, mbali na mtumbwi uliozama. Watu wawili wenye kilo 140 kwa pamoja, wakiwa mita tatu kutoka mtumbwi wa demani, wanazuia mara moja na nusu ya watakavyozuia wakiwa mita mbili. Aliyeupunguza upana kwa theluthi ili picha ivutie ameichora boti itakayopinduka kwa upepo ambao ya kweli ingeucheka.

Mtego wa pili ni wa kompyuta, na mtu akishaujua hawezi kuacha kuuona. Mchoraji huchora mtumbwi mmoja kwa uangalifu, kisha hutengeneza wa pili kwa kunakili. Kwa madaraja ambayo kila mtumbwi una pande mbili zinazolingana, hilo halina madhara. Hobie 16 si hivyo. Mitumbwi yake haina pande sawa: ubavu wa nje umenyooka zaidi, wa ndani umetuna, na ndiyo sababu boti hiyo haihitaji ubao wa kuzamisha katikati ili isisukumwe kando, umbo la mtumbwi uliozama linafanya kazi hiyo. Mtumbwi wa pili basi lazima uwe taswira ya wa kwanza kama kwenye kioo, si nakala yake. Ukinakili bila kugeuza, utapata mitumbwi miwili inayotuna upande mmoja, kama mtu aliyevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Weka rula katikati ya boti na ulinganishe. Kosa hili likiwa kwenye tangazo, usiendelee kusoma maneno yake ya sifa. Aliyeyaandika hakuielewa boti yake.

Sasa tuje kwenye mistari yenyewe, na hapa naomba subira, maana ndipo ufundi ulipo.

Mwili wa mtumbwi huchorwa kwa sura tatu: ya ubavuni, ya juu, na ile ya mikato ya kutoka omo hadi tezi ambayo ni kana kwamba boti imekatwa vipande kwa msumeno. Katika kila sura kuna mistari inayoonyesha umbo kwenye vina tofauti. Mistari hiyo inapaswa kwenda bila kusitasita. Zamani, na hata leo kwa wanaochora kwa mkono, hupatikana kwa ufito: utepe mwembamba wa mbao usio na macho, unaopindishwa juu ya karatasi na kushikiliwa na vizito. Paini ya Sao Hill yafaa, ukichagua kipande chenye nyuzi zilizonyooka. Ufito una tabia ambayo mkono wa mtu hauna: haukubali kona. Ukiulazimisha upite pointi iliyokosewa, utaruka au utavimba mahali pengine, na papo hapo unajua kwamba kosa liko kwenye namba.

Namna ya kukagua ni ileile ya seremala wa Mafinga anayechagua ubao. Inua karatasi hadi usawa wa jicho, fumba jicho moja, tazama kwa kufuata mstari kutoka ncha hadi ncha. Mstari ulioonekana laini mezani utafichua mawimbi yake. Mara nyingi uvimbe hujificha karibu na omo, pale mtumbwi unapoanza kunona, kwa sababu ndipo pointi zinapobanana. Michoro ya kompyuta haijasalimika. Programu huunganisha pointi zako kwa mpindo laini hata kama pointi zenyewe hazina akili, na wino mweusi safi wa printa hutufanya tuamini. Usikague kwenye skrini. Ichapishe, iinue, fumba jicho.

Baada ya ulaini, kagua kama sura tatu zinasema jambo moja. Chagua mkato mmoja, tuseme ule wa katikati ya boti. Pima nusu ya upana wake kwenye usawa wa maji katika mchoro wa mikato. Kisha nenda kwenye mchoro wa juu, mkato uleule, mstari uleule wa maji, upime tena. Lazima iwe sawa. Rudia kwa kina. Mtumbwi wa katamarani ni mwembamba mno, hivyo tofauti ambayo ingesameheka kwenye jahazi, huku ni sehemu kubwa ya upana wote. Mchoro wa tangazo hauhitaji mikato yote. Mitano au sita inatosha. Ila iliyowekwa iwe ya kweli. Nimeona tangazo ambalo mikato yake ilikuwa pambo tu, imenyofolewa kwenye boti nyingine kabisa kwa sababu inaleta sura ya kitaalamu. Heri kutoweka chochote.

Mlingoti nao ni mtihani, na mtihani huo chanzo chake ni karatasi. Karatasi ya A1 ina milimita 841 kwa 594. Mlingoti wa Hobie 16 una takriban mita 8, ambazo kwa skeli ya 1:10 ni milimita 800. Inabaki milimita 41 ya kuweka mitumbwi, maji, pambizo na kisanduku cha jina. Haitoshi. Mchoraji mwaminifu atashuka hadi 1:20 na kuvumilia boti ndogo katikati ya karatasi kubwa, au atailaza boti ubavuni na kuichora bila tanga kwa skeli kubwa, kisha aichore yenye tanga pembeni kwa skeli ndogo. Asiye mwaminifu ataufupisha mlingoti kidogo tu, nani atapima? Wewe utapima. Na ukipima usiache pembe: mlingoti wa Hobie 16 huegemezwa nyuma waziwazi, kwa hiyo uliosimama wima kama nguzo ya umeme ni dalili kwamba mchoraji hajawahi kuitazama boti hiyo ikiwa majini.

Jambo linalonipa raha kuliko yote ni unene wa mistari, na wachache hulitazama. Kalamu za kuchorea hazikupangwa ovyo: 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Kila moja ni karibu mara 1.41 ya iliyotangulia, na hiyo ndiyo tofauti ya vipimo kati ya A4 na A3, kati ya A3 na A2. Ukikuza mchoro kutoka A3 hadi A2, mstari wa 0.35 unakuwa 0.5, na mchoro unabaki na sauti yake ileile. Mchoro mzuri hutumia unene wa aina mbili au tatu: mzito kwa umbo la nje la mtumbwi, wa kati kwa boriti na mlingoti, mwembamba kwa vipimo na mistari ya maji. Jicho linajua pa kuanzia. Mchoro wenye unene mmoja kila mahali hauna pa kuanzia, na wenye unene sita ni kelele.

Halafu kuna safari ya kushuka. Karatasi ya A1 ikipunguzwa steshenari hadi A4, kila kitu hugawanywa kwa 2.83. Herufi za milimita 3.5 zinakuwa milimita 1.2, na hapo hata kijana mwenye macho mazima atakunja uso. Mwandishi wa namba za milimita 7 alilijua hilo. Siku hizi mchoro utatumwa kwa simu kabla haujabandikwa popote, kwa hiyo mimi hufanya jaribio la kikatili: naupunguza hadi upana wa kiganja. Kama bado naona mitumbwi miwili, tanga na urefu wa boti, umepita.

Kwa sababu hiyohiyo, maandishi ya "1:20" peke yake hayafai. Mchoro ukikuzwa au kupunguzwa, yanageuka uongo. Kinachotakiwa ni mstari wa skeli uliochorwa, wenye alama za mita, kwa sababu wenyewe hukua na kupungua pamoja na boti. Huku kwetu kuna sababu ya ziada: mvua. Kuanzia Novemba hadi Mei karatasi hunywa unyevu, Tukuyu ndiyo usiseme, na hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Milimita moja au mbili kwenye A1 si ajabu. Vipimo viandikwe kwa namba, na mstari wa skeli uwepo kwa urefu na kwa upana. Karatasi ya kaki, kama ile inayotengenezwa Mgololo, ni nzuri sana ya kufanyia mazoezi, lakini mchoro wa kudumu ukae kwenye karatasi ya plastiki.

Je, mchoro unaonyesha ni sheria ya namna gani inayolitawala daraja? Hili ni la wakaguzi waliobobea. Hobie 16 ni boti moja tu: kila kipande kinatoka kwenye kalibu ileile, hakuna anayeruhusiwa kubuni. Mchoro wake unapaswa kuwa na uhakika wote, kila mstari ukiwa thabiti. A-Class ni kinyume. Sheria inakupa mipaka: urefu usizidi mita 5.49, upana usizidi 2.30, tanga lisizidi mita za mraba 13.94, uzito usipungue kilo 75. Ndani ya mipaka hiyo mbunifu ana uhuru mkubwa. Mchoro wa kuitangaza A-Class ukionyesha mtumbwi mmoja kama amri, umelisema daraja visivyo. Ninaoupenda huchora sanduku la mipaka kwa mstari mzito na boti ya mfano ndani yake kwa mstari mwembamba. Mtu akiutazama anaelewa kwamba mwaliko ni wa kubuni, si wa kununua tu.

Watu na maji nitawataja kwa haraka. Mtu wa mita 1.70 kwa skeli ya 1:20 ni milimita 85. Wapime mabaharia waliochorwa, kwani hupunguzwa ili boti ionekane kubwa. Na mtumbwi wa joshini ukichorwa umepaa juu angani, boti imelala nusu ya kupinduka, ni picha ya kuuzia fulana. Baharia mzuri huuacha uguse maji kidogo tu, maana ukipaa zaidi ya hapo tanga linamwaga upepo. Mchoraji aliyeuweka mtumbwi huo sentimita chache juu ya wimbi ananiambia kwamba alizungumza na mabaharia.

Msomaji wa Mbeya ana swali lake pia, ambalo matangazo ya Ulaya hayalijibu: boti hii itapandaje mlima Kitonga? Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni njia ya malori, na upana wa mita 3.05 wa Tornado ni taabu kuupitisha boti ikiwa imeunganishwa. Mchoro kamili unaonyesha boti ikiwa imefunguliwa: mitumbwi miwili, boriti, wavu uliokunjwa, usukani na kana yake, kila kipande na urefu wake. Ndipo mtu anagundua kwamba tatizo si upana hata kidogo, kwani mitumbwi ikifunguliwa hulala vizuri; tatizo ni mlingoti wa mita 8. Upande wa Malawi wa ziwa hilihili katamarani zimeshashindana, kwa hiyo maji hayana kipingamizi.

Ukitaka kulinoa jicho, kuna kazi mbili za kutafuta. Moja ni ya Mfaransa François-Edmond Pâris, ofisa wa jeshi la majini aliyechapisha kati ya 1841 na 1843 michoro ya vyombo vya watu wasio wa Ulaya, vikiwamo vya Uarabuni na mitumbwi ya Pasifiki. Alivipima vyombo hivyo kama vilivyo, hakuvirekebisha vifanane na vya kwao. Nyingine ni michoro ya Hanneke Boon, aliyeshirikiana na Mwingereza James Wharram kutengeneza ramani za katamarani za kujiundia nyumbani. Boon anachora kwa mkono, na anachora kwa ajili ya mtu ambaye hajasomea kuchora: kila hatua ina sura yake, unaona kipande kinavyokaa juu ya kingine. Boti zao ni za safari, si za mashindano, lakini sijaona mfano bora wa mchoro unaotangaza kwa kufundisha. Chema chajiuza, wanasema, na michoro ya Boon iliuza ramani kwa watu ambao wasingethubutu kushika randa.

Mwisho kabisa shuka kwenye kona ya chini kulia, kwenye kisanduku cha jina. Tafuta jina la mchoraji, skeli, na zaidi ya vyote tarehe ya toleo. Madaraja hubadilika huku majina yakibaki yaleyale. Nacra 17 iliyoshindana Rio mwaka 2016 haikuwa ya kupaa juu ya maji; kuanzia 2017 iliwekewa mabawa ya chini ya maji yanayoinyanyua mitumbwi yote miwili, na hiyo ndiyo iliyofika katika Olimpiki ya Tokyo. Jina moja, urefu uleule wa mita 5.25, mchoro wa juu unaokaribia kufanana. Kisanduku kikiwa kitupu, huwezi kujua ni ipi unayouziwa.